Kosa Langu Katika Mstari wa Tatu

Vijana wa kwaya, nimeletewa rasimu ya kitabu chenu kipya cha nyimbo ili niikague, kwa kuwa bado wapo wanaokumbuka kwamba kazi hiyo niliifanya kwa miaka ishirini na miwili. Nimeikagua. Herufi zimepangwa vizuri na makosa ni machache kuliko nilivyotarajia. Lakini juu ya ule wimbo wa mto, ambao mnauimba kwenye kila harusi na kila mazishi kuanzia Ggaba hadi ng'ambo ya mpaka, mmeandika: "Maneno: hayajulikani. Tuni: ya kale, kutoka Ulaya." Na pembeni mwa mstari wa tatu, mmoja wenu aliyesomea muziki ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mruko huu si wa kawaida. Urekebishwe."

Sikukasirika. Nilikunywa chai kwanza, kisha nikakaa niandike haya kwa utaratibu. Maneno yanajulikana. Tuni haikutoka Ulaya. Na huo mruko naufahamu kuliko mtu yeyote aliye hai, kwa sababu niliufanya mimi mwenyewe, kwa mkono huu wa kushoto, dukani Nakawa, hapa Kampala, kabla ya chakula cha mchana.

Kazi yangu ilikuwa kukata stensili. Wengi wenu mmeikuta fotokopi, kwa hiyo nieleze. Stensili ilikuwa karatasi laini yenye nta. Unaivisha kwenye taipureta, unauondoa utepe wa wino, unapiga herufi kavu, nazo zinaichana nta. Kisha unaivisha stensili kwenye pipa la mashine ya kurudufu, unazungusha mkono, na wino unapita kwenye yale majeraha na kutoa nakala. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu inayonuka kama rangi ya kucha, unapuliza, unasubiri ikauke, unapiga tena. Asiyeweza kusubiri hakuwa na nafasi katika kazi ile.

Aliyenifundisha ni Mzee Kaloli, mtu wa Lubaga, mwenye mashine mbili na subira ya mashine tatu. Adui wetu mkubwa alikuwa herufi o. Ukiipiga kwa nguvu, kiini chake kinatoboka na kudondoka, na kwenye nakala unapata tundu jeusi. Mzee Kaloli alikuwa akisimama nyuma yangu na kusema, "Ssebo, o iguse kama mtoto aliyelala. Hiyo k ipige unavyotaka, haina tumbo." Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa kadi za mwaliko wa ubatizo. Nilitoboa kila o iliyokuwemo. Mzee Kaloli aliinua nakala moja dirishani, mwanga ukapita kotekote, akasema, "Huyu mtoto amebatizwa kwa risasi." Halafu akageuka haraka kutazama mlangoni kama kuna aliyemsikia. Ndivyo tulivyokuwa tukichekeshana miaka ile ya utawala wa wanajeshi: mzaha kwanza, mlango baadaye.

Sol-fa, yaani muziki unaoandikwa kwa herufi, nilijifunza mwenyewe. Nilinunua njugu sokoni Nakawa, na yule mama alizifunga kwenye ukurasa wa kijitabu cha muziki. Nikamwomba aniuzie kijitabu chote kilichobaki. Kilikuwa kimeshapoteza kurasa kumi na mbili za mwanzo, na hadi leo sijui somo la kwanza lilikuwa nini. Kuanzia la pili nayajua yote. Kiswahili nacho nilijifunza vivyo hivyo, kwa kamusi na daftari, ndiyo maana wenzangu walinicheka kwamba nazungumza kama redio. Kumbukeni jambo hilo la redio, litakuja kunidhuru.

Sasa kiini cha ufundi. Sol-fa ina herufi saba tu: d, r, m, f, s, l, t. Sauti ikiwa ya chini, unaweka kijistari chini ya herufi. Ikiwa ya juu, unakiweka juu. Taipureta haikuwa na vitufe vya vijistari hivyo. Ulitakiwa kuizungusha rola nusu jino: ukienda mbele, alama inashuka, ukirudi nyuma, alama inapanda. Nusu jino tu. Ukizungusha upande usiofaa, mwimbaji aliyetakiwa kushuka shimoni anajikuta juu ya paa, oktava mbili juu ya alipotakiwa kuwa.

Mteja wangu mkubwa wa sol-fa alikuwa Mwalimu Bahati, Mkongo mnene, mwenye sauti nzito iliyotoka mahali fulani karibu na viatu. Alifundisha kwaya ya wauza samaki kule Ggaba, kando ya ziwa, watu waliokimbia Kongo kama yeye. Alikuwa na rula, na alikuwa na sheria moja: "Imba kilichoandikwa!" Mama mmoja wa kwaya alipopamba wimbo kidogo kwa furaha, rula iligonga meza. "Mama Furaha, umesoma wapi hiyo? Nionyeshe hapa kwa karatasi!"

Wimbo wa mto aliutunga yeye. Alipokuwa akikimbia aliukuta mto Semliki umejaa, akakaa ukingoni siku mbili na mke wake na cherehani, akiangalia maji. Walivuka, cherehani kichwani kwake, maji shingoni. Maneno alianza kuyatunga akiwa bado amelowa:

Mto umejaa, Bwana,
nivushe ng'ambo yako;
maji yamefika shingo,
nishike nisizame.

Tuni hakuitunga. Alipofika Kampala alipanga chumba kilichopakana na cha Wanubi, wajukuu wa wale askari wa zamani waliotoka Sudani. Mama mmoja wa upande wa pili alikuwa akisuka vikapu na kuvuma wimbo mmoja asubuhi nzima, bila maneno. Mwalimu aliusikiliza kupitia ukutani hadi akaujua. Aliuongezea sehemu moja tu. Penye neno "shingo" aliishusha sauti hadi chini kabisa, kwa sababu, aliniambia, "mtu akizama, sauti yake inazama na yeye."

Hapo penye kuzama, vijana wangu, ndipo nilipozungusha rola nyuma badala ya mbele.

Nilirudufu nakala sitini. Mwalimu akaja, akazifunga kwa kamba, akaniambia, "Aksanti, Fundi," akaondoka kwenda Ggaba, ambako kwaya ilikuwa ikimsubiri. Nami nikaanza kuisafisha stensili ili niihifadhi, na ndipo nikakiona kijistari kimekaa juu ya s kama ndege juu ya waya.

Fundi mzembe angesema watajirekebishia. Mimi nilichukua kalamu na baiskeli ya Mzee Kaloli ili nimfikie Mwalimu kabla hajazigawa. Nilipiga pedali kutoka Nakawa hadi barabara ya Ggaba bila kusimama, na kabla ya kufika ziwani nikakuta kizuizi cha jeshi: mapipa mawili, lori moja, na Mwalimu Bahati amekaa kwenye nyasi bila viatu. Nakala zangu sitini zilikuwa juu ya boneti ya lori, na mbele yake kapteni mwembamba mwenye miwani alikuwa akizisoma kwa makini kuliko mwanakwaya yeyote niliyewahi kumwona.

Nilikuwa na akili ya kutosha kuificha kalamu kwenye soksi. Sikuwa na akili ya kutosha kuuficha mdomo.

"Afande," nikasema, "nasikitika kukusumbua. Karatasi hizo nimeziandika mimi."

Askari mmoja akaangua kicheko, akasema kwa Kiswahili chao cha kambini, ambamo "na" moja inamtosha kila mtu: "Afande, sikia huyu! Nazungumza kama redio."

Kapteni akainua kichwa. "Redio ya wapi?"

Viatu vyangu vikavuliwa pia. Kalamu ilishuka ndani ya soksi hadi kisiginoni, na niliyoyasema baadaye yote niliyasema nimesimama juu yake.

Kapteni huyo hakuwa mjinga, na hapo ndipo hatari ilipokuwa. Mjinga angetutandika na kutuachia. Yeye alikuwa amesomea mawasiliano ya siri ng'ambo, na alikuwa amesubiri muda mrefu kuitumia elimu yake.

"Herufi saba," akasema. "Nimehesabu. d, r, m, f, s, l, t. Lugha gani ina herufi saba? Hakuna. Hii ni siri." Akaweka kidole kwenye karatasi. "Hapa juu: nane, saba, nane, saba. Namba ya gari?"

"Ni silabi, Afande. Silabi za kila mstari."

"Silabi." Akaandika neno hilo kwenye daftari lake kama jina la mshukiwa. "Na hapa, s, s, s, d. Mimi nasoma: sasa, sasa, sasa, daraja. Daraja gani?"

"Afande, ni so, so, so, do."

"Ndiyo. Na maneno: mto umejaa. Mto gani?"

Mwalimu akajibu kutoka kwenye nyasi, "Semliki, Afande."

"Ehe! Mpakani! Nani nataka kuvuka?"

"Mimi, Afande. Nilishavuka, zamani."

"Na huyu Bwana anayevusha watu ni nani? Anakaa wapi?"

"Ni Mungu, Afande."

"Kama ni Mungu, kwa nini hukuandika Mungu?"

"Mungu anaingia ubeti ya pili, Afande."

Askari wakacheka. Kapteni hakucheka. Alisema lori litaondoka saa nane kwenda kambini, na kama jambo hili halijaeleweka, sisi wawili tutakuwa ndani yake. Hapo kicheko kikaisha. Nyinyi hamjui maana ya lori lile, na nashukuru kwamba hamjui. Sisi tulijua watu waliopanda malori ya namna hiyo, na tulijua viatu vyao vilivyobaki. Nilitazama jua. Ilikuwa imebaki kama saa moja.

Pale kwenye kivuli cha lori alikuwapo sajini mmoja, Mnubi wa makamo, jina lake Rajabu. Alikuwa ameinamia jani la mgomba, na ndani yake mlikuwa na samaki wa kukaanga aliyetoka Ggaba wakati huo huo, mvuke ukipanda. Amri ilikuwa kwamba hakuna kula hadi shughuli ya wafungwa iishe. Alimtazama samaki, akatutazama sisi, akamtazama samaki tena.

Kapteni akafikiri, kisha akatoa hukumu ambayo hadi leo naiheshimu kwa utaratibu wake. "Kama hii ni wimbo kweli," akasema, "watu wawili wakisoma karatasi moja, bila kusikilizana, wataimba kitu kimoja. Kama ni siri, kila mtu ataimba uongo wake."

Nikapelekwa hatua mia moja ndani ya shamba la migomba, askari mmoja akaniziba masikio kwa viganja vyake viwili. Viganja vilinuka mafuta ya bunduki. Nilipewa karatasi nijiandae, na nikaiona ile s yangu, kijistari juu yake.

Hapo nikafikiri kwa bidii kuliko wakati wowote maishani mwangu. Niimbe kipi? Karatasi ilisema juu. Lakini Mwalimu ndiye mtunzi. Wimbo huu alikuwa ameuimba kwa miaka kumi akishuka chini, na kushuka huko ndiko kuzama kwake, ni mto wake mwenyewe. Mtu haangalii karatasi ili aimbe kuzama kwake. Ataimba chini. Nikaamua: nitaimba chini, kinyume cha karatasi, ili tufanane.

Kumbe Mwalimu, pale kwenye nyasi, alikuwa ameiona alama hiyo hiyo na anafikiri kwa bidii vile vile. Alijua kosa ni langu. Lakini alijua pia kwamba Fundi hajawahi kuimba noti moja bila karatasi tangu azaliwe. Fundi ataimba kilichoandikwa. Naye akaamua.

Akaanza yeye. Sikusikia, ila niliona askari wote barabarani wakiruka kwa pamoja, na mama mmoja aliyekuwa akipita na karai la dagaa akalishika kwa mikono miwili. Baadaye nikaelezwa: Mwalimu aliimba mistari miwili kwa sauti yake nzito, nzuri, na alipofika penye "shingo" alifumba macho, akapanda oktava mbili, na ikatoka sauti kama ya kuku aliyekanyagwa na baiskeli.

Nikaletwa mimi. Nikaimba mistari miwili, na penye "shingo" nikashuka hadi chini kabisa, kwa unyenyekevu, nikimtazama Mwalimu anipongeze kwa macho. Alikuwa amejishika kichwa.

"Basi," Kapteni akasema, akafunga daftari. "Mmoja juu, mmoja chini. Pale pale penye maji. Hapo ndipo penye ujumbe."

Nilifungua mdomo nieleze kuhusu rola na nusu jino. Fikirini mkimweleza mtu kama huyo kwamba alama katika karatasi imewekwa mahali pasipostahili, nanyi mmekuja mbio kuibadilisha, na kalamu mmeikanyaga ndani ya soksi. Niliufunga mdomo. Mwalimu akaanza kusali kwa lugha ya kwao. Dereva akapanda lori na kuwasha moto.

"Afande." Ilikuwa sauti ya Sajini Rajabu. Alikuwa amesimama, jani la mgomba mkononi. "Hii wimbo mimi najua."

Kapteni akageuka. "Unajua vipi? Hii ya kanisa. Wewe Mwislamu."

"Wapi kanisa, Afande! Hii ya bibi yangu. Kwetu naimba kwa harusi." Na kweli, akavuma mistari miwili ya kwanza bila karatasi, na kila noti ilikuwa mahali pake. Mwalimu Bahati akaacha kusali, mdomo wazi. Kisha Sajini akafika kwenye mstari wa tatu, akasita, akamtazama samaki. "Na hapa, Afande, wanaume nashuka chini, wanawake napanda juu. Pamoja. Ndiyo utamu yake. Huyu mnene naimba ya wanawake. Huyu redio naimba ya wanaume. Wote nasema kweli."

Kapteni akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Waimbe pamoja," akasema.

Tukaimba pamoja. Mimi nikashuka, Mwalimu akapanda, Sajini akavuma katikati, na penye "shingo" kukatokea kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Sauti ya chini ilikuwa mtu anayezama. Sauti ya juu ilikuwa mtu huyo huyo anayepiga yowe. Mama wa dagaa akatua karai lake chini. Yule askari aliyenicheka akatazama pembeni. Hata dereva alizima moto, ingawa huenda ni kwa ajili ya kubana mafuta.

Kapteni akachukua kalamu yake, akaandika juu ya kila nakala, zote sitini, moja baada ya moja, kwa mwandiko safi: "Imekaguliwa. Waimbe hivyo hivyo." Akatia sahihi. Alikuwa mtu wa utaratibu. Katika maisha mengine angekata stensili nzuri sana.

Tulipokuwa tukivaa viatu, nilimsogelea Sajini Rajabu, aliyekuwa tayari ameketi na kuanza upande wa mkia. "Sajini," nikamwuliza, "ni kweli kwenu mstari wa tatu huimbwa hivyo?"

Alitafuna, akatoa mwiba, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mistari mbili ya kwanza ni ya bibi yangu, wallahi. Hiyo ya tatu ni ya huyu samaki. Alikuwa napoa."

Tulitembea hadi Ggaba nikiburuta baiskeli. Kwaya ilikuwa ikisubiri. Nilikaa kwenye benchi, nikavua soksi, nikaitoa kalamu nianze kurekebisha nakala ya kwanza. Mwalimu akanishika mkono.

"Wewe Fundi unataka kutuua mara ya pili? Umeona hii sahihi?"

Alikuwa na haki. Miaka ile, karatasi iliyotiwa sahihi na kapteni huiongezei hata nukta. Mama Furaha na wenzake wakapewa sauti ya juu, wanaume ya chini, rula ikagonga meza, na wimbo ukaimbwa kama ulivyokaguliwa. Nakala zikasafiri na wauza samaki. Nyingine zilifungiwa samaki, na nadhani ndivyo wimbo ulivyovuka mpaka.

Miaka mingi baadaye, kapteni na lori na serikali yao wote wakiwa wameshaondoka, nilimwambia Mwalimu kwamba sasa naweza kukata stensili mpya na kuirudisha alama chini, mahali alipoitaka. Alikuwa mgonjwa tayari. Alifikiri kidogo, akasema, "Siku ile ulishuka kwa sababu yangu. Nami nilipanda kwa sababu yako. Tulikosa wote wawili. Iache."

Kwenye mazishi yake mliimba nyinyi, wengine wenu mkiwa wageni kwenye kwaya. Mlipofika penye "shingo," wasichana walipanda na watu wakafumba macho. Mimi nilishuka chini, hadi pale sauti yangu inapoishia.

Kwa hiyo nairudisha rasimu yenu na masahihisho haya. Maneno: Mwalimu Bahati. Tuni: bibi yake Sajini Rajabu. Mruko wa mstari wa tatu: fundi wa stensili, Nakawa, kwa makosa. Na wewe mwenye kalamu nyekundu, naiheshimu elimu yako, lakini wimbo huu umeshakaguliwa. Uimbe hivyo hivyo.